Gurudumu la Nyuma la Baiskeli ya Mkunga

Watu walimwita Fundi Zamani, naye hakuchukia, maana jina lenyewe alijitakia. Ukimpelekea baiskeli yenye pancha, kabla hajaigusa tairi alipitisha kwanza kidole gumba juu ya kitovu cha gurudumu, pale katikati spoki zinapoanzia, kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo. Kisha alifumba macho na kusema, "Hii ilitengenezwa kabla mama yako hajaolewa." Mara nyingi alipatia, na ndiyo maana watu walimletea hata baiskeli zisizo na ugonjwa wowote, mradi wamsikie akizitaja ukoo.

Uchawi hakuwa nao. Alikuwa na macho na kidole, basi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango mpana unaotazama barabara, benchi lenye jiriwa ya kubania vyuma iliyolika meno, na ukuta mzima wa rafu zenye makopo ya rangi yaliyooshwa. Humo ndimo alimohifadhi vipuri vya baiskeli za Uingereza, zile nyeusi, ndefu, nzito kama lango, na kila kopo lilikuwa na enzi yake. Kopo la kwanza lilikuwa la nikeli, chuma chenye weupe wa kuelekea manjano, kama jino la mnywa chai. La pili lilikuwa la kromu, iliyokuja baadaye ikiwa na mng'ao wa kibuluu. Katikati yao kulikuwa na kopo dogo alilolipenda kuliko yote: vipuri vilivyopakwa rangi nyeusi tu, kwa sababu vilitengenezwa wakati wa vita kuu ya pili, kromu ilipokuwa adimu na kengele ya baiskeli haikuwa na haki ya kung'aa.

"Tazama hivi vitovu viwili," aliwaambia wateja waliokuja kwa shida nyingine kabisa. "Huyu wa kwanza ana kitundu na kifuniko chake. Unafunua, unadondosha mafuta, unafunika. Mwenye baiskeli alikuwa daktari wa baiskeli yake. Huyu wa pili hana kitundu. Kiwanda kilimjaza grisi, kikamziba mdomo, kikasema, nenda, tutaonana ukiharibika."

"Na ipi bora?" mteja angeuliza.

"Swali gani hilo? Uliza nani bora kati ya mama mzazi na mama wa kambo."

Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa tarishi wa ofisi moja kubwa na kuendesha baiskeli ya breki za fimbo. Breki hizo hazina waya hata mmoja. Ukibana mkono, fimbo nyembamba za chuma hupokezana nguvu, moja inavuta nyingine, mpaka zinainua vipande viwili vya mpira na kuvikandamiza kwenye tumbo la rimu, upande ule wa ndani unaozitazama spoki. Ndiyo maana rimu za zamani zina mabega ya mviringo. Breki za waya zilipokuja, zenyewe zikawa zinabana rimu ubavuni, kama mtu anayeshika sahani kwa vidole viwili, na rimu nazo zikabadilika zikawa na mbavu bapa. Mjomba aliyasema haya huku akila mkate, na kijana akayameza pamoja na makombo. Tangu siku hiyo hakupona.

Kutoka kwa mjomba vilevile alirithi sharti moja lililokuwa kama dini ya karakana: kila chuma na wenzake wa rika lake. Fremu ya breki za fimbo haikuwekewa breki ya waya. Pedeli za mpira hazikupewa jirani wa plastiki. Mteja akisisitiza, Fundi Zamani alimwonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara. "Pale ndipo wanapowaoza babu na mjukuu. Mimi sifungishi ndoa hizo."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la shemeji yake, mdogo wa mke wake, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Shemeji huyo alitengeneza baiskeli yoyote kwa kipuri chochote. Kikikataa kuingia alikipiga nyundo. Kikiingia kwa ulegevu alikivisha kipande cha bati la kopo. Utani wao ulikuwa umeanza siku ya posa na haujapumzika.

Sasa, fahari kubwa ya Fundi Zamani haikuwa ndani ya karakana. Ilikuwa inazunguka mitaani chini ya mke wake.

Mke wake alikuwa mkunga wa kituo cha afya, na mtaa mzima ulimwita Mkunga, hata mumewe alipokuwa mbele za watu. Kila asubuhi aliwatembelea wazazi waliojifungua, akawapima watoto, akawatazama vitovu, akawasikiliza kina mama mambo ambayo hawamwambii mtu mwingine. Nyumba nyingi za kazi yake zilikuwa juu ya kilima, kwenye vichochoro ambamo gari halipiti. Baiskeli yake ilikuwa ya kike, bomba la fremu limepinda chini kama shingo ya bata ili sketi ipite, breki za fimbo mbele na nyuma, mnyororo umefunikwa wote na kasha la bati ili usile nguo. Mumewe alimkusanyia kipuri kwa kipuri walipooana, vyote vya rika moja. Giya ilikuwa moja tu, kama Mungu.

Siku moja ya kazi nyepesi, Fundi Zamani alikuwa mlangoni anasugua kengele, shemeji akamwita kutoka ng'ambo.

"Shemeji, hivi ile baiskeli ya dada yangu umeigeuza mbuzi?"

"Mbuzi wa nini?"

"Si naona kila siku anaiswaga. Anaishika pembe, anaipandisha kilimani kwa miguu. Nikajua labda inakula majani huko juu."

Fundi Zamani alicheka kwa kujibu, kama desturi inavyotaka, lakini kengele ilibaki mkononi haijasuguliwa. Mkunga aliporudi, aliipokea baiskeli na kuitazama kwa jicho ambalo hakuwahi kuitazamia, jicho la mgeni. Mpira wa mkono wa kushoto ulikuwa umelika upande wa ndani, mahali ambapo kiganja cha mtu aliyepanda baiskeli hakifiki. Pale hushika anayeisukuma. Yeye, anayejua mwaka wa nati kwa kuigusa, hakuwa ameliona hilo. Mganga hajigangi.

Aliliuliza jikoni, wakati chai inachemka.

"Mke wangu, goti linakuuma?"

Mkunga alikuwa anakata mkate. Hakuacha kukata. "Nani kasema, huyo ndugu yangu mwenye mdomo kama bomba la maji?"

"Mpira wa usukani umesema."

Akaweka kisu chini, akacheka kidogo, kisha akakaa. Goti lilikuwa linamuuma, ndiyo. Si la kulala kitandani. Linauma pale pedeli inapokuwa nzito. Kwenye tambarare anaenda vizuri tu, hata daktari kasema kuendesha kunamfaa. Kilima ndicho kinachomshinda. Anashuka, anasukuma, anafika kwenye nyumba za juu jua limeshakuwa kali na watoto wengine hajawafikia. Na Muuguzi Mkuu ameliona. Amemwambia kwa upole, hakumkosea adabu, kwamba mwezi ujao ukianza na nyumba za juu bado zinarukwa, wataweka mtu mwingine huko, yeye akae kituoni mezani.

"Mezani kufanya nini?"

"Kuandika kadi." Alilisema neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Mimi nimezoea kumpokea mtu akiwa mbichi, nimfuate mpaka acheke. Sasa niwe naandika uzito aliopima mwingine. Sitaki, Baba Watoto. Sijachoka. Goti ndilo limechoka, mimi bado."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba baiskeli uliyonitungia kama shairi inaniua?"

Mzee akamimina chai kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa na chai.

Kesho yake asubuhi alipanda juu ya kiti akafikia rafu ya mwisho. Huko, ndani ya gunia lililotiwa mafuta, alikuwa na kitovu kimoja cha giya tatu. Kwa asiyekijua, ni kopo nene la chuma tu. Lakini ndani yake mna vigurudumu vidogo vya meno vinavyokizunguka kimoja kilichotulia katikati, kama vifaranga na mama yao, na ukivuta kicheni chembamba kinachotokea ubavuni, vifaranga hupangana upya. Kwa giya ya kwanza miguu huzunguka sana ila pedeli inakuwa nyepesi kama ya mtoto. Ya pili ni ya kila siku. Ya tatu ni ya mteremko na majivuno. Kiwiko cha kuzibadili hapo mwanzo kabisa kilikaa kwenye bomba la fremu, mwendeshaji akaachia mkono mmoja na kuomba heri. Baadaye kikahamia usukanini, chini ya kidole, na watu wakaacha kuanguka.

Alikipapasa kitovu. Kifuniko cha mafuta kilikuwepo. Uzito wa kizamani ulikuwepo. Mwaka uliogongwa kwenye chuma ulikuwa wa rika lilelile la baiskeli ya Mkunga.

"Huyu ni ndugu wa damu," alisema. "Nakitoa kile cha giya moja, naweka hiki ndani ya rimu yako ileile. Breki zako zinabaki, kila kitu kinabaki. Utapanda kilima umekaa."

Mkunga, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, alivuta kigoda akaketi kumtazama. Fundi alianza kusuka gurudumu, na kwa kuwa alikuwa na furaha, alianza pia kusimulia. Alieleza kwamba Waingereza hawakuwa wajinga: nyuma ndiko mtu anakokalia na mzigo unakofungwa, kwa hiyo gurudumu la nyuma walilitia spoki arobaini, la mbele wakalitia thelathini na mbili. Baadaye dunia ikaja na uvivu wake, ikagawa sawasawa, thelathini na sita mbele, thelathini na sita nyuma, kama mama asiyewajua wanawe. Mikono ilisuka, mdomo ukasuka. Spoki hii juu ya ile, ile chini ya hii, nati ndogo kwa bisibisi.

"Zile za zamani zote ni arobaini," alimaliza. "Hata usihesabu."

"Na hizo tundu je?" aliuliza Mkunga.

Fundi Zamani akatazama. Tundu za kitovu zilikuwa zimejaa spoki zote. Kwenye rimu, mahali pamoja, tundu nne zilizofuatana zilikuwa tupu, kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Gurudumu lote lilikuwa limekaa kimshazari, linakodoa jicho moja.

Akahesabu tundu za kitovu. Thelathini na sita. Akautazama tena mwaka uliogongwa. Ulikuwa uleule wa zamani. Akahesabu mara ya pili akitumia kidole cha shahada badala ya gumba, kana kwamba gumba ndilo lililomsaliti.

Mkunga alijiziba mdomo kwa kanga, lakini mabega yalitoboa siri. "Baba Watoto, umeshona shati la watu wawili."

"Haiwezekani. Mwaka huo walikuwa wanatoboa arobaini."

"Basi huyo hakuambiwa."

Alikaa chini, gurudumu mapajani. Na hapo, taratibu, kitu kikaanza kumwingia. Kiwanda kilekile kilikuwa kinatengeneza vitovu vya tundu arobaini kwa watu wake wa nyumbani, na vya thelathini na sita kwa wateja wa nchi nyingine waliotaka hivyo, siku hiyohiyo, pengine kwenye meza moja. Zile enzi alizozipanga kwenye makopo hazikuwahi kupangwa vile. Mabadiliko hayakuamka asubuhi yakapiga tarumbeta. Cha zamani na kipya viliishi nyumba moja miaka mingi, vikigombania bafu.

"Kwa kitovu hiki nahitaji rimu ya thelathini na sita," alisema mwishowe. "Rimu hizo ninazozijua ni za mbavu bapa. Breki za fimbo haziwezi kukamata hapo. Nyuma itabidi breki ya waya." Alilitaja neno la waya kama anayetaja ugonjwa. "Mbele fimbo, nyuma waya. Itakuwa kichekesho cha barabara nzima. Nimekutungia kitu kizuri, halafu nikichane hivi?"

Mkunga hakucheka tena. Alimtazama kama anavyowatazama kina mama wanaoogopa.

"Mume wangu, mimi nina meno mawili ya kubandika. Umeniacha?"

Kisha mzee akasimama, akajipangusa mikono, akavaa kofia kama anayekwenda msibani, akavuka barabara. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu huu ulikuwa na shemeji ndani yake.

"Karibu, karibu," alisema shemeji, akiwa amekwisha kuliona gurudumu lenye pengo. "Leo mlima umekuja wenyewe. Huyo mgonjwa ana nini, kang'olewa?"

"Nataka rimu ya tundu thelathini na sita. Na breki ya waya ya mikono mirefu, ya nyuma."

"Ya nani?"

"Ya dada yako."

Shemeji alikuwa amefungua mdomo kwa utani mwingine. Akaufunga. Aliingia ndani, akasikika akisogeza maboksi, akatoka na rimu mpya na breki, na juu yake waya ambao hakuombwa.

"Waya wa giya huo," alisema. "Ulionao ni wa tangu enzi za mjomba wako, utakatika kilimani dada yangu arudi kinyumenyume. Na shemeji, ukifunga breki hiyo, tafadhali usitumie kipande cha bati. Bati ni ufundi wangu mimi."

"Sitakuibia."

"Njoo nikushikie kichwa cha gurudumu, basi. Peke yako utasuka mpaka upate kitukuu."

Walifanya kazi pamoja mchana kutwa, benchi moja, jambo ambalo wapita njia walisimama kulitazama. Shemeji alisukuma, Zamani alikaza. Zamani alieleza, shemeji alijifanya kusinzia. Gurudumu lilipokaa sawa na kuzunguka bila kuyumba, wote wawili waliligusa kwa zamu ili lizunguke tena. Breki ya waya ikafungwa nyuma. Fimbo za nyuma zikatolewa, za mbele zikabaki. Kiwiko cha giya kikakaa usukanini. Ukiitazama kwa mbali, baiskeli ilikuwa kama bibi aliyevaa viatu vya michezo.

Jaribio la kwanza halikuwa zuri. Mkunga alizunguka uwanja wa nyuma, akaweka giya ya kwanza, akakanyaga, na pedeli ikakimbia bure, tap, kama ngazi isiyokuwepo. Akashika ukuta.

"Waya umelegea," alisema Zamani.

"Umekaza mno," alisema shemeji.

Wakaanza kubishana enzi za nyaya. Mkunga aliwaacha. Aliinama, akatazama kicheni kile chembamba kinachotokea kwenye kitovu, akaona kwamba hakitoki vya kutosha hata giya ikiwa ya kwanza. Akakizungusha kikaza waya kidogo kwa vidole vyake, akajaribu kiwiko, akakizungusha tena kidogo. Alikuwa na mikono ya mtu aliyezoea kushughulika na vitu vidogo visivyosema vinapoumia. Akapanda, akakanyaga. Pedeli ikashika.

"Ulikuwa umelegea," alisema akipita mbele yao. Zamani akamtazama shemeji, shemeji akatazama mawingu.

Siku mwezi mpya ulipoanza, Fundi Zamani alifunga karakana asubuhi, akachukua baiskeli yake mwenyewe, ya giya moja, breki za fimbo pande zote, kila chuma na rika lake. Alisema anataka tu kusikia kama gurudumu linalia.

Kwenye tambarare walikwenda sambamba. Kilima kilipoanza kuinuka, Mkunga alisogeza kidole, kiwiko kikasema "tk," na miguu yake ikaanza kuzunguka haraka na kwa wepesi, huku baiskeli ikipanda polepole kama mtu anayekula bila njaa. Goti lilikuwa linakunjuka na kujikunja. Mumewe alilitazama goti lile kuliko barabara. Halikusita. Pembeni yake alisikia kitovu kikitoa mlio mdogo, tiki tiki tiki, wa vifaranga kazini.

Yeye mwenyewe alisimama juu ya pedeli, akakaza meno, akavuta usukani. Fremu ilinung'unika. Akamudu nyumba tatu, nne, kisha kilima kikamkumbusha umri. Akashuka, akashika usukani kwa kushoto, akaanza kusukuma.

Juu yake, mama mmoja alitokea mlangoni na mtoto begani. "Mkunga, leo mapema hivi?"

"Na kesho," alisema Mkunga, bado amekaa. Aligeuka akamwona mumewe chini, akihema nyuma ya baiskeli yake kamili. "Baba Watoto, mbuzi wako anakula majani?"

"Anatafuna," alijibu Zamani alipopata pumzi. "Tangulia."

Akatangulia. Kuna nyumba saba juu ya kona ile, na Mkunga alizifikia zote huku umande ungali kwenye mabati. Fundi Zamani alimkuta kwenye ile ya mwisho, amekaa kwenye mkeka na mtoto wa siku chache mapajani, anamfunua kitovu na kukisafisha kwa pamba, taratibu, akimsemesha. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani nje. Mzee aliketi karibu nayo kwenye kizingiti, akavua kofia, akaacha upepo umkaushe jasho.

"Nikusubiri?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Nina kazi," alisema Mkunga bila kuinua macho. "Wewe shuka tu. Kushuka huko hakuhitaji giya."